Kabla ya kamera, nioneshe trei ya laini

Simu mpya ikifika mezani kwangu siiwashi kwanza. Natafuta kitundu cha pini, natoa trei ya laini, naishika kwa vidole viwili na kujaribu kuipinda. Ikikubali kupinda, najua simu hiyo nitaonana nayo tena, na safari hiyo itakuja ikiwa imeandika "Hakuna laini" juu ya skrini.

Natengeneza simu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika mapitio yake vilevile. Maswali ninayoulizwa ni ya kamera, betri, kasi na memori. Sijawahi kuulizwa trei ikoje. Lakini nyingi ya simu ninazofungua kamera yake ni nzima na betri yake ni nzima, ila laini haishiki. Simu ya namna hiyo inapiga picha, inacheza muziki, inaonesha saa, lakini mama yako hawezi kukupata na meseji ya benki yenye namba ya siri haiingii. Ndiyo maana leo naipitia sehemu hii peke yake, bila kugusa kamera wala prosesa.

Nianze na simu iliyonisukuma kuandika. Ni ya daraja la kati, na jina lake naliacha kwa sababu muundo huohuo nimeukuta kwenye chapa nyingine kadhaa. Trei yake ni ya pande mbili: laini ya kwanza inakaa upande wa juu, ya pili upande wa chini, zimepeana mgongo. Kwenye karatasi ni ubunifu mzuri, maana laini mbili zimekaa kwenye nafasi ya moja. Sasa jaribu kuzipachika. Unaweka ya juu, unageuza trei uweke ya chini, ya juu imeshadondoka. Unaiokota, unaibana kwa kidole, unageuza tena, safari hii ya chini ndiyo inaanguka. Kinachotakiwa kuishikilia laini pale ni ukingo wa plastiki mwembamba mno, na ukingo huo kazi yake unaifanya siku za mwanzo tu. Ukishatoa na kurudisha laini mara kadhaa unalegea, na hakuna kitu kingine kinachoishika.

Ubaya wenyewe uko kwenye milimita za mwisho. Kidole chako kinaweza kuishikilia laini mpaka mlangoni mwa tundu, lakini hakiwezi kuingia nayo ndani. Kuanzia hapo laini inakwenda bila mshikaji. Pembe yake ikiinuka hata kidogo tu, inagota kwenye mfuniko wa chuma wa tundu. Mwenye simu anahisi kuna kitu kinazuia, anadhani trei haijakaa sawa, anasukuma kwa nguvu kidogo. Laini inateleza, inaingia imelala upande, na inapopita inalaza vimeno vya ndani. Hapo trei imefunga vizuri kabisa, kwa nje simu iko safi, na ndani imeshaharibika.

Hivyo vimeno ndivyo roho ya tundu. Ni springi ndogo zilizopakwa dhahabu, kwa kawaida sita, na kila moja inagusa sehemu yake kwenye ile dhahabu ya laini. Mmoja unapeleka umeme, mwingine unaurudisha umeme huo, mwingine unaianzisha laini upya, mwingine unapiga mapigo ya saa, mwingine unapitisha data. Ule wa umeme au wa data ukikosa kugusa, simu haioni laini kabisa. Ukiwa unagusa na kuachia ndiyo mateso zaidi, kwa sababu mtandao unakuja na kuondoka, na mwenye simu anatumia wiki nzima akilalamikia kampuni ya mtandao ambayo haina kosa.

Kubadilisha tundu lililovunjika si kazi ndogo, na hili wabunifu wanalijua. Unapasha moto mgongo wa simu ulegee gundi, unaubandua bila kuupasua, unafungua skrubu, unachomoa nyaya za betri na za skrini, unatoa bodi kuu ya saketi. Tundu limechomelewa kwa miguu midogo kwenye bodi hiyo, na pembeni yake kuna vipuri vingine vimebanana. Blowa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, ikizidi moto, plastiki ya tundu jipya inayeyuka kabla risasi ya kuchomelea haijalegea sawasawa. Kipuri chenyewe ni kitu rahisi sana ukilinganisha na kazi ya kukifikia. Simu hizohizo zina milango ya chaji iliyowekwa kwenye bodi yake ndogo ya pembeni, ili ikiharibika ubadilishe bodi hiyo ndogo tu. Kwa nini tundu la laini halikupewa heshima hiyo, wakati nalo linaingizwa na kutolewa kitu kwa mkono?

Laini haikuzaliwa ndogo hivi. Za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, na 300 za mwanzo zikanunuliwa na Radiolinja, kampuni ya simu ya Ufini. Zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54. Kisha ikaja ile ya milimita 25 kwa 15 ambayo wengi wetu tuliikuta tulipopata simu ya kwanza. Hiyo ilidumu muda mrefu, na ndiyo iliyokaa chini ya betri.

Nalisifia tundu la chini ya betri bila kusita. Kwenye simu nyingi za zamani lilikuwa na kimlango cha chuma chenye bawaba, kimechorwa mshale: sukuma huku kufungua, sukuma huku kufunga. Unakiinua, unateremsha laini kwenye nafasi yake, pembe iliyokatwa inakuonesha ikae vipi, unakilaza, unasukuma, unasikia kinabana. Laini haiendi popote. Hakuna pini, hakuna trei ya kupotea, hakuna kubahatisha. Tena kulikuwa na ulinzi ambao watu hawakuufikiria: huwezi kuifikia laini bila kutoa betri, kwa hiyo haiwezekani kuichomoa wakati simu inaisoma. Nina simu kadhaa za aina hiyo mezani, za batani, plastiki zimefubaa, skrini zimekwaruzika, na matundu yake yanafanya kazi kama siku ya kwanza.

Hazikuwa zote nzuri hivyo, niseme ukweli. Kuna zile ambazo laini ilisukumwa chini ya bati lisilo na kimlango, ikazama yote, na kuitoa ulihitaji ukucha wenye bidii. Watu wakawa wanabandika kipande cha selotepu kwenye laini ili wapate pa kuvutia. Selotepu inaacha gundi kwenye vimeno, gundi inakamata vumbi, na baada ya muda laini haisomi.

Mwaka 2010 iPhone 4 ikaja na laini ndogo zaidi, ya milimita 15 kwa 12, na mwaka 2012 iPhone 5 ikaja na nano ya milimita 12.3 kwa 8.8. Kabla nano haijapitishwa kulikuwa na mvutano mkubwa ndani ya ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, Apple wakiwa na pendekezo lao, Nokia, Motorola na RIM waliotengeneza BlackBerry wakiwa upande mwingine. Nokia walitaka laini inayoweza kuingia tunduni yenyewe bila trei. Pia kulikuwa na hoja moja ambayo mimi kama fundi naipa uzito wote: laini mpya isije ikawa na urefu unaokaribia upana wa ile ya zamani, kwa sababu mtu ataiingiza kwa ubavu kwenye tundu la zamani na itakwama. Tazama vipimo vilivyopitishwa Juni 2012. Upana wa laini ya 2010 ni milimita 12, urefu wa nano ni 12.3. Zile sehemu tatu za kumi za milimita ndizo zinazoizuia isiingie kwa ubavu. Hapo kuna mtu alimfikiria mtumiaji mwenye haraka, anayebadilisha laini gizani, na ninamshukuru. Ningependa kuona fikra hiyohiyo kwenye trei.

Nano pia ilipunguzwa unene, kutoka milimita 0.76 hadi 0.67. Tofauti hiyo huioni kwa macho, lakini tundu linaiona. Mtu akikata laini yake ya zamani kwa mkasi au kwa kile kikatio cha mkono, inatoka na umbo sahihi na unene usio sahihi. Inaingia kwa kubana, inakaa, inafanya kazi vizuri, na siku ya kutoka inagoma. Simu nyingi zilizokwama trei ninazozipokea, nikishazifungua nakuta laini iliyokatwa kwa mkono, kingo zake zina vinyweleo vya plastiki. Kama unayo moja ya hizo bado, nenda kabadilishiwe.

Adapta, ile fremu ya plastiki inayoifanya laini ndogo ikae kwenye tundu la laini kubwa, ni jirani yake. Mama mmoja, mtu mzima, alinikabidhi simu yake ikiwa na adapta imekwama nusu ndani, nusu nje. "Mwanangu, kuingia inaingia vizuri, kutoka ndiyo inagoma," aliniambia, na mkono ukawa unakwenda kuivuta tena.

"Mama, iache hapohapo. Ukiivuta sasa inang'oa vimeno."

Alichofanya ni kitu ambacho mtu yeyote angefanya. Laini yake ndogo ilikuwa imetoka kwenye adapta ikabaki ndani, na adapta, ambayo katikati ina tundu la wazi, ikawa imepita juu ya vimeno. Vimeno ni springi, vikikuta nafasi vinainuka. Viliinuka ndani ya ule uwazi, na adapta iliporudi nyuma ukingo wake ukavikamata kwa ncha. Kila akivuta, anavikunja. Nilikata ukanda mwembamba kutoka kwenye ile karatasi ya plastiki inayokuja na kilinda skrini, nikauteleza taratibu kati ya adapta na vimeno mpaka vikalala, ndipo nikavuta adapta na ukanda kwa pamoja. Viwili vilikuwa vimeshapinda. Nilivinyoosha kwa ncha ya sindano chini ya kioo cha kukuzia, kimoja baada ya kingine, na laini ikasoma.

"Kwa hiyo si mimi niliyeiharibu?" aliniuliza.

"Si wewe, mama."

Na nilimaanisha. Kuna matundu ambayo ncha za vimeno zimekunjwa na kurudishwa chini, hivi kwamba kitu kikija kutoka mbele au kutoka nyuma kinapanda juu na kuteleza. Kuna mengine ambayo ncha imeachwa wazi, ikingoja kitu cha kukamata. Aliyechagua ile ya pili alijua watu wana laini za ukubwa tofauti na kwamba adapta ziko kila mahali. Alama ya tundu lile kwangu ni sifuri, hata kama simu yenyewe ilikuwa na skrini nzuri.

Nije kwenye pini. Sina ugomvi na wazo lenyewe: unasukuma pini, pini inasukuma fito ndogo ndani, fito inageuza wenzo, wenzo unaisukuma trei nje. Ni ufundi safi, na una sifa moja kubwa, kwamba unafanya kazi hata simu ikiwa imekufa kabisa. Ugomvi wangu ni na mahali kitundu kinapowekwa. Kwenye simu nyingi kitundu cha pini kiko upande mmoja na kitundu cha maiki, vyote viduara, vyote vyeusi, havitofautiani kwa mtu anayetazama bila miwani. Mtu anachukua pini, anachagua kimoja, anasukuma. Kama ni cha maiki, anahisi kitu kinachobonyea kinazuia, anaongeza nguvu, na pini inapita. Kuanzia hapo watu wanamwambia hawamsikii vizuri, sauti yake iko mbali. Ananiletea simu akisema mtandao ni mbaya.

Dawa ya jambo hili ni rahisi na kuna watengenezaji wanaoitumia: kitundu cha pini kiwekwe juu ya trei yenyewe, ndani ya mstari unaoonesha ukingo wake, na maiki ipelekwe upande mwingine. Au kitundu cha maiki kiwekwe pembeni kidogo ya njia iliyonyooka ili pini ikiingia igote ukutani, isifike kwenye maiki. Baadhi ya simu zina njia ya namna hiyo na watu wanazichoma kila siku bila madhara. Pia waweke alama. Mstari mdogo tu uliochongwa pembeni ya kitundu sahihi ungeokoa maiki nyingi sana. Na ile pini ya boksini, iliyofungwa pamoja na vikaratasi vya dhamana, hupotea mapema. Ndipo zinapokuja herini, sindano, klipu za karatasi na waya. Sindano ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni kali na nyembamba kuliko kitundu: inapita pembeni ya ile fito na kutoboa kilicho nyuma yake. Klipu ya karatasi iliyonyooshwa ni salama zaidi, mradi iingie wima.

Sasa tundu ninalolichukia kuliko yote, lile la kuchagua. Boksi limeandika kwa herufi kubwa kwamba simu inachukua laini mbili, na chini yake kwamba inachukua memori kadi. Ukifungua trei unakuta nafasi mbili, na ya pili imechongwa kwa herufi za kutafuta kwa kioo: laini ya pili, mkwaju (/), memori kadi. Ule mkwaju maana yake ni "au". Ukiweka laini ya pili, memori kadi huna pa kuiweka. Ukiweka memori kadi, namba yako ya pili inabaki kwenye droo.

Simu zinazofanya hivi kwa wingi ni zile zenye memori ndogo ya ndani, yaani zile ambazo mwenye nazo ndiye anayeihitaji memori kadi kuliko wote. Mtu mwenye simu ya gigabaiti 512 hashtuki. Mwenye gigabaiti 32, ambazo mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa, analazimika kuchagua kati ya picha za watoto wake na namba ya kazini. Huo ni uchaguzi alioletewa na mtu aliyekaa ofisini akiokoa milimita chache.

Na kwa sababu watu hawakubali kushindwa, wamebuni njia. Wanapasha laini moto mpaka gundi ilegee, wanabandua ile chipu ya dhahabu na kuiacha plastiki, kisha wanaibandika kwenye memori kadi kwa gundi kali. Inawezekana kwa sababu kwenye matundu haya vimeno vya laini na vya memori kadi haviko mahali pamoja, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kusoma kwa wakati mmoja. Nimeiona ikifanya kazi. Nimeona pia inavyoisha: kadi imenenepa, inakandamiza vimeno kuliko vilivyokusudiwa, gundi inalegea kwa joto la simu, chipu inasogea, na trei haitoki tena. Nimeombwa niwafanyie watu kazi hiyo na ninakataa, kwa sababu najua nitakayekuja kuifungua simu hiyo ni mimi. Lakini siwalaumu hata kidogo. Wamelipia simu iliyoandikwa laini mbili na memori kadi, na wanataka walichosomewa.

Kinachonikera ni kwamba jibu lipo na linauzwa. Kuna simu zenye trei ndefu ya nafasi tatu, laini, laini, memori, zimepangwa kwa mstari, na hazina unene wa ajabu. Nyingi ni za bei ya chini. Ukiwa na macho ya kuchagua, hii ndiyo trei ya kutafuta. Huawei walijaribu njia nyingine mwaka 2018 na Mate 20: wakaleta memori kadi yenye ukubwa uleule wa nano. Kwa vipimo ni kazi nzuri, lakini kadi hiyo bado inakalia kiti cha laini ya pili, na huwezi kuichukua ukaiweka kwenye kamera au kifaa kingine cha kawaida. Samsung nao waliiondoa memori kadi kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wakairudisha kwenye S7 mwaka uliofuata, kisha wakaiondoa tena kwenye S21 mwaka 2021. Angalau hapo hakuna anayekuahidi kitu kisha akaweka mkwaju.

Ninapolalamika kuhusu trei huwa naambiwa sababu ni maji. Trei ina kimpira chake kinachoziba, na ukiongeza milango unaongeza njia za maji. Kimpira ni muhimu, hilo nalikubali. Kila unapotoa trei kikague, kifute chembe za mchanga, na kama kimekatika usiitegemee simu hiyo karibu na maji. Lakini kwamba maji ndiyo yanayolazimisha pini na trei dhaifu, hapana. Chukua Sony Xperia 1 III ya mwaka 2021. Ina kiwango cha IP65 na IP68, yaani vipimo vya kuhimili vumbi na maji, na trei yake inatoka kwa ukucha. Unaingiza ukucha kwenye upenyo, unavuta, basi. Hakuna pini ya kupoteza, hakuna kitundu cha kuchanganya na cha maiki. Fremu yake ya plastiki ningependa iwe nene zaidi, na ukiwa na haraka laini inaweza kukudondoka, lakini nikiwa na mzee mezani ambaye vidole vinatetemeka, hii ndiyo simu ninayotamani awe nayo.

Fairphone 5 ya mwaka 2023 inakwenda mbali zaidi. Mgongo wake unabanduliwa kwa ukucha, betri inatoka kwa mkono, na laini inakaa huko ndani ilikozoea kukaa zamani. Haihimili maji kama zile za IP68, na kuifikia laini kunakulazimu uzime simu. Mimi hayo mawili nayakubali bila kujadiliana. Huenda tukaona nyingine za namna hiyo, kwa sababu kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Ina misamaha yake, hasa kwa vifaa vinavyohimili maji na betri za kudumu, lakini mgongo ukianza kufunguka tena, tundu la laini nalo linaweza kurudi mahali linapolindwa.

Kuna kosa moja dogo ambalo linawapotosha hata mafundi. Ndani ya tundu kuna swichi inayobonyezwa na trei ikifika mwisho, ndiyo inayoiambia simu kwamba laini imeingia. Swichi hiyo ikichoka, vimeno ni vizima, laini ni nzima, na simu inasema hakuna kitu. Ukisukuma trei kwa kidole laini inaonekana, ukiachia inapotea. Kabla hujakubali kubadilishiwa tundu zima, fanya jaribio hilo mbele ya fundi.

Wapo watakaosema haya yote yanaisha na eSIM, laini iliyojengwa ndani ya simu yenyewe, isiyo na kadi ya kupachika. Pixel 2 ilikuja nayo mwaka 2017, iPhone 14 zilizouzwa Marekani mwaka 2022 hazikuwa na trei kabisa, na iPhone Air ya mwaka 2025 haina trei popote inapouzwa. Kwa upande wa ufundi, ni kweli: hakuna tundu, hakuna vimeno, hakuna maji. Kwa msafiri anayetaka namba ya pili kwa wiki moja ni raha. Lakini mimi nakaa upande wa meza ambapo simu zinafika zimekufa. Skrini imepasuka haigusiki, au simu imezama haiwaki, na mwenye nayo anahitaji namba yake ndani ya dakika tano kwa sababu mgonjwa wake yuko hospitalini. Kama ana laini ya kushika mkononi, nasukuma pini, naitoa, naiweka kwenye simu yoyote iliyo karibu, na anapiga. Kama ni eSIM, anaanza safari ya kuithibitishia kampuni kwamba yeye ni yeye, mara nyingi kwa ujumbe unaotumwa kwenye namba ileile iliyofungiwa ndani ya simu iliyokufa. Mpaka hilo litakapotatuliwa, nitaendelea kupendekeza simu yenye tundu, na yenye eSIM pembeni kama nyongeza.

Ukienda kununua, omba kufunguliwa trei kabla hujaulizia kitu kingine. Weka laini yako, igeuze trei juu chini, itikise kidogo. Ikidondoka, rudisha simu. Tazama kama maneno yaliyochongwa yana mkwaju. Tafuta maiki iko wapi. Pitisha kidole kwenye kimpira uone kama kipo, maana kuna simu zinazotangazwa kuhimili maji kidogo na trei yake imekaa kavu, bila kimpira chochote.

Kama trei imeshakwama, usitumie koleo. Zima simu, ielekeze upande wa trei chini, gonga mgongo wake taratibu kwenye kiganja huku pini ikiwa imesukumwa wima, mara nyingi laini iliyoinuka inarudi kukaa. Isipotoka kwa hapo, mpelekee fundi ikiwa hivyohivyo.

Na uliza trei ya akiba. Trei ya modeli moja haiingii kwenye nyingine hata kama zimetoka kiwanda kimoja mwaka mmoja. Mkunjo wa uso wake, urefu na nafasi ya kimpira hutofautiana. Nina simu nzuri kabatini, nzima kila kitu, zimekaa bila kazi kwa sababu trei ilivunjika na mtengenezaji haiuzi peke yake. Ukiambiwa haipatikani, hata kama simu imekupendeza, tafuta nyingine.